Kiapo cha Karani

Wageni waliomtembelea Mzee pale Elgon View walimwita kulingana na wakati walipomjua. Wateja wake wa zamani walisema Wakili. Waliompigia kura walisema Mheshimiwa, hata baada ya kura zenyewe kumkataa. Majirani, watu wa mageti makubwa na mbwa wa kununua, walisema Balozi. Mimi nilifika pale nikiwa nimemaliza shahada ya sheria na kukaa nyumbani mwaka mmoja na zaidi bila kazi, na kwa wiki ya kwanza nzima sikumwita chochote. Nilikuwa nakohoa kidogo ili ajue nataka kusema. Niliogopa kwamba nikichagua cheo kimoja ataona nimevidharau vile viwili vingine.

Mwishowe aliniuliza mwenyewe. "Wewe binti ya karani, una shida ya kifua?"

"Hapana."

"Basi niite Mzee. Hiyo ndiyo kazi peke yake siwezi kufutwa."

Kazi yangu ilikuwa kuandika maisha yake. Alitaka kitabu kabla hajafa, na alisema hivyo bila huzuni, kama mtu anayetaka kukata nyasi kabla ya wageni. Asubuhi aliketi barazani, blanketi magotini, akasimulia, nami nikapiga chapa. Mke wake alileta chai saa nne, akaniuliza kama nimeshiba, akarudi ndani.

Nilipata kazi hiyo kwa sababu ya baba. Baba alikuwa karani wake kwa miaka kumi na tisa, katika ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la vitambaa mjini. Alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, na barua ya mchungaji mfukoni, na Wakili, ambaye naye alikuwa kijana, akamchukua kwa sababu ya mwandiko wake. Karani wa wakili ndiye anayepeleka karatasi kortini, ndiye anayeandika tarehe za kesi kwenye daftari kubwa la ofisi, na ndiye anayempigia mteja simu siku moja kabla ili aje. Tarehe ikipita, kesi inaweza kufa. Karani mzuri haruhusu tarehe ipite.

Baba ndiye aliyejulikana Eldoret kama karani aliyeruhusu.

Hadithi niliyokua nayo ni hii. Mama mmoja wa Timboroa, mjane, alikuwa na kesi ya shamba dhidi ya shemeji yake. Siku ya kusikizwa hakufika mtu kortini, si yeye, si wakili wake. Jaji akaitupa kesi. Ofisi iliomba ifufuliwe, na baba akala kiapo cha maandishi kwamba yeye karani aliiandika ile tarehe kwenye mwezi usio wake. Jaji hakukubali. Yule mama akatolewa shambani. Miezi michache baadaye Wakili alichaguliwa kwenda bungeni, akafunga ofisi, na hakuna wakili mwingine mjini aliyetaka karani anayepoteza miezi. Baba akaenda kupima magunia kwenye ghala la mahindi, na huko ndiko alikozeekea.

Kule kwetu Kiplombe utani haukuisha. Jirani mmoja aliyekuwa kwenye kila kamati ya harusi alikuwa akisema baba akiketi tu: "Mwandishi wa kikao awe mtu mwingine. Huyu atatupeleka kanisani Februari na bwana harusi yuko Machi." Watu wakacheka. Baba naye akacheka, akiangalia mikono yake. Na Jumapili ya Meza ya Bwana, benchi letu lote liliposimama kwenda mbele, yeye alibaki ameketi, magoti ameyageuza kando ili tupite. Nilidhani ni aibu ya watu. Mtu akichekwa miaka mingi hivyo, nilifikiri, hataki hata kusimama mbele ya kanisa.

Kwa hivyo nilikwenda Elgon View na haja yangu ya siri. Nilitaka kile kitabu kiwe na mstari mmoja wa baba. Useme tu kwamba karani huyu alifanya kazi miaka kumi na tisa na akakosea siku moja. Sikujua nitaombaje. Kila asubuhi nilipanga sentensi ya kuanzia, na kila saa sita nikaondoka nayo.

Mzee alisimulia vizuri. Alianza na kesi yake ya kwanza, mtu aliyeshtakiwa kuiba ng'ombe. Ng'ombe aliletwa uwanjani mwa korti kama ushahidi, na mshtakiwa alipopita akaenda chooni, ng'ombe akamfuata hadi mlangoni akamngoja. "Sikusema neno," alisema Mzee. "Nilimuuliza tu hakimu kama ameona." Siasa, alisema, ni kufika kwa mazishi kabla ya mpinzani wako. Alikuwa na suti mbili za mazishi, moja ya jua na moja ya matope. Alikaa bungeni vipindi viwili, akashindwa cha tatu, na badala ya kuachwa nyumbani anung'unike akapewa ubalozi katika nchi ya baridi. "Walinipeleka mahali sitaonekana nikikasirika," alisema. Huko alijifunza kuzungumza chakula chote cha mchana bila kusema jambo, na mke wake akapanda sukuma wiki kwenye ndoo za maua, na hakuna aliyewatembelea isipokuwa watu waliotaka viza.

"Andika hivyo?" niliuliza.

"Andika tulipokelewa vizuri."

Sehemu ya kutoka uwakili kwenda siasa aliipita kwa sentensi moja. Alisema aliwaachia wenzake faili akaitikia mwito wa wananchi. Niliipiga chapa, nikaitazama. Usiku ule na mchana uliofuata niliyafikiria yale maneno, mwito wa wananchi, nikijiuliza kama baba alikuwa mwananchi.

Mwezi wa pili wa kazi hiyo alinituma stoo, nyuma ya gereji, nitafute mwaka wa ile kesi ya ng'ombe. Daftari za tarehe zilikuwa zimepangwa kwenye sanduku la bati, na kila moja nilijua mwandiko wake kabla sijaifungua. Nilipata mwaka wa ng'ombe. Halafu mkono wangu ukaendelea hadi mwaka wa uchaguzi. Sitasema sikukusudia.

Jina la mama wa Timboroa lilikuwa hapo, kwa mwandiko wa baba, siku ileile ambayo jaji aliitisha kesi. Nilikuwa naijua siku hiyo kama watu wengine wanavyojua siku yao ya kuzaliwa. Saa tatu asubuhi, na namba ya chumba cha korti. Kando yake, kwa wino wa kijani ambao Mzee bado aliutumia, yalikuwa maneno matatu: "Kampeni uwanjani. Nitashikiwa." Kushikiwa ni lugha ya mawakili. Wakili asiyeweza kufika humwomba mwenzake asimame badala yake. Nilifungua mwezi uliofuata, pale ambapo baba aliapa kwamba ndipo alipoiandika. Ukurasa ulikuwa mweupe.

Niliketi juu ya sanduku. Nilipiga picha kwa simu, kisha nikaanza kujiuliza kama kupiga picha karatasi ya mteja wa mtu mwingine ni kosa, kisha kama nimekuwa mwizi katika nyumba niliyokunywa chai yake, kisha kama nikiifuta picha nitakuwa nimeharibu ushahidi. Nilirudisha daftari. Nilimpelekea Mzee mwaka wa ng'ombe na sikusema kitu kwa siku tisa. Katika siku hizo nilikonda. Mama yangu aliniuliza kama ni mwanamume.

Siku ya kumi nilisema, haraka, nikiangalia mashine ya kuchapia: "Mzee, ile kesi ya mama wa Timboroa tuiweke sura gani?"

Aliinua mkono, mtu wa bustani akazima mashine yake ya nyasi.

"Umeingia kwa daftari."

"Ndiyo."

"Baba yako ndiye alikutuma?"

"Hata hajui."

"Hiyo naamini. Baba yako hajawahi kuniomba kitu. Hata likizo." Akajifunika blanketi vizuri. "Nilikuwa nimemwambia wakili mwenzangu anishikie. Ama nilidhani nimemwambia. Kampeni ni kelele, msichana. Unaongea na watu mia kwa siku, jioni unakumbuka kuongea na mtu ambaye hukuongea naye."

"Sasa kwa nini karani?"

"Kwa sababu ndivyo hufanywa. Uliza wakili yeyote hapa mjini. Wakili akikosa, karani ndiye alikosa. Anaapa, jaji anasikia huruma, kesi inafunguliwa. Jaji mwenyewe alikuwa wakili, anajua. Mimi ningeapa kwamba nilikuwa jukwaani, wapinzani wangesoma hiyo kila soko." Akanitazama. "Tulidhani kesi itarudi. Hakuna mtu angeumia."

"Baba aliumia."

"Na yule mama zaidi," alisema. "Lakini wewe umeanza na baba yako. Sikulaumu."

Kwa kweli, katika miaka yote ile, yule mama kwangu alikuwa sehemu ya hadithi ya baba tu, kama mvua au jaji.

"Andika ukurasa mmoja," Mzee alisema. "Useme nilijua tarehe, na karani aliandika sawa. Nitaweka sahihi. Kitabu kinaweza kungoja, hiyo isingoje."

Karatasi ilikuwa mbele yangu. Kalamu yake ya kijani ilikuwa mezani, karibu na kikombe. Ningeandika mistari mitatu kwa mkono nikampa, na ingekuwa imekwisha kabla ya chai. Nilisema, "Nitaileta ikiwa imekaa vizuri, Mzee." Akasema sawa.

Nilikwenda nayo nyumbani. Niliandika kwamba alisahau, nikaona kusahau ni kumsaidia sana. Nikaandika kwamba alipuuza, nikaogopa atakataa. Nikafikiri ukurasa usio na kiapo ni barua tu, na barua yaweza kukanushwa na watoto wake, kwa hivyo iwe kiapo kamili, mbele ya kamishna wa viapo, yaani wakili mwenye ruhusa ya kuapisha. Nikatafuta kamishna ambaye si rafiki wa familia, kwa sababu rafiki wa familia angepiga simu. Nilibadilisha utangulizi mara nyingi kiasi kwamba siku ya nne sikuweza kusoma tena nilichoandika, maneno yalikuwa yameishiwa maana. Asubuhi ya tano niliichapisha, nikaiweka ndani ya bahasha ngumu isikunjike, nikaenda.

Askari wa getini hakunifungulia. "Mzee alipelekwa hospitali jana," alisema. "Alianguka akinyoa ndevu."

Kilikuwa kiharusi. Alirudi nyumbani baada ya wiki mbili, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu alichomshikia mtu mwingine. Mke wake aliniruhusu kumsalimia. Nilikuwa na bahasha mkobani. Mzee alinitazama, akatazama mkoba, akasema, "Ndiyo."

Niliingiza mkono mkobani. Kisha mke wake akamuuliza kama anataka pazia lifungwe, akasema ndiyo. Akamuuliza au libaki wazi, akasema ndiyo. Hilo ndilo neno pekee lililombakia, mtu aliyeshinda kesi kwa kinywa, na bunge kwa kinywa, na kula mshahara wa nchi kwa kujua wakati wa kukifunga. Hakuna kamishna angepokea ndiyo ya namna hiyo. Hata mimi nisingeipokea, ingawa niliitaka.

"Mambo ya kitabu yaishe hapa, mwanangu," mke wake aliniambia mlangoni. "Umetusaidia. Msalimie karani."

Nilimwambia baba siku hiyohiyo, nyuma ya nyumba, alipokuwa akimkatia ng'ombe majani. Nilimwonyesha picha. Alivaa miwani, akaishika simu mbali.

"Mwandiko wangu ulikuwa mzuri," alisema.

"Baba, kwa nini ulikubali?"

"Aliniambia kesi itarudi. Nami nilitaka irudi. Mimi ndiye sikumpigia yule mama simu, unajua. Wakili alisema nisimsumbue kutoka mbali hivyo, siku hiyo itaahirishwa tu. Nikasikia."

"Lakini tarehe hukukosea. Watu wamekucheka miaka yote hii na hukukosea."

"Ile kitu inanisumbua si tarehe." Aliweka panga chini. "Zile karatasi za kiapo zilikuwa zinapigwa muhuri tu. Unampelekea wakili wa ofisi ya juu, hata hakuangalii, anapiga muhuri, unashuka. Lakini mimi nilikuwa sijawahi kuapa mambo yangu. Nikadhani kama ni kiapo, kiwe kiapo. Nikamwambia wakili wa juu, nipe Biblia. Akacheka. Akasema, karani, hiyo ni ya sinema. Nikasema nipe. Akaitafuta kwa kabati, ilikuwa na vumbi, nikaifuta na koti. Nikaishika, nikasema mimi ndiye nilikosea, Mungu nisaidie."

Ng'ombe alivuta majani.

"Ningeacha apige muhuri tu," baba alisema, "labda ingekuwa karatasi kama zingine. Mimi mwenyewe ndiye niliita Mungu aje asikie. Sasa naweza kwendaje kwa Meza yake?"

Nilimwambia kuhusu ule ukurasa, na bahasha, na siku nne. Nililia kidogo. Nilimwambia nilitaka Mzee amsafishe.

"Anisafishe na nini, mama?" alisema. Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Na karatasi ingine?"

Kisha akasema yule mjane bado yuko Timboroa, anauza viazi karibu na barabara. Nikamuuliza anajuaje. "Karani hujua mteja yuko wapi," alisema, na nikaelewa kwamba amekuwa akiuliza habari zake miaka yote. Alitaka kwenda kumwambia. Nilimweleza kwamba kiapo cha uongo ni jinai. Nilimweleza anavyoweza kushtakiwa, na anavyoweza asishtakiwe, na kwamba huenda yule mama akaumia upya bila faida, na kwamba labda tuandike kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akiwasikiliza mawakili. Kisha akaniuliza kama viatu vyake vyeusi vitaweza matope ya huko.

Timboroa kulikuwa na ukungu, na manyunyu yasiyoonekana mpaka uguse nguo. Tulimkuta kwenye kibanda cha mbao, amevaa koti zito la kiume, anachagua viazi, vikubwa kwenye gunia, vidogo kwenye ndoo. Aliinua macho mara moja.

"Karani," alisema. "Umezeeka vibaya."

"Ni kweli, mama."

"Hata mimi. Lakini mimi nina sababu."

Baba alivua kofia. Alisimama mlangoni akamwambia yote kwa sauti yake ya kusoma orodha. Tarehe ilivyoandikwa. Wino wa kijani. Simu ambayo hakupiga. Biblia. Mikono ya yule mama haikuacha viazi, ila ilipungua mwendo.

"Kwa hivyo haukukosea."

"Tarehe sikukosea. Niliapa uongo."

"Na Wakili alikuwa wapi hiyo siku?"

"Kwa kampeni."

"Alikuja hapa hiyo kampeni," alisema. "Alinijua kwa jina, mbele ya watu. Akanipa pole kwa mambo ya shamba. Akasema siku hizi hupati karani wa kuaminika." Akatupa kiazi kwenye ndoo. "Nikampigia kura. Nilifika foleni kabla jua litoke."

Baba aligeuza kofia mikononi.

"Ungesema ukweli kwa jaji, ningepata shamba?"

"Sijui, mama. Labda. Labda hapana."

"Mimi nimekulaani wewe," alisema, bila kupandisha sauti. "Kila msimu wa kupanda. Nikiona watu wanalima, nakutaja. Nimechoka nikikutaja. Sasa unakuja kuniambia ni mwingine. Hiyo laana nipeleke wapi? Huyo mwingine nasikia hata kuongea hawezi."

"Ibaki kwangu," baba alisema.

"Si wewe wa kuamua." Ndipo akaniona vizuri. "Na huyu?"

"Ni msichana wangu. Amesoma sheria."

"Amesoma." Alinitazama viatu, kisha uso. "Haya, niambie wewe. Iko mahali hii maneno inaweza pelekwa? Shemeji alishauza shamba. Mwenye alinunua naye akauza. Sasa kuna nyumba ya mawe."

Kichwani mwangu yote yalisimama pamoja kama wanafunzi wanaotaka kuitwa: muda uliopita, mnunuzi asiye na hatia, ushahidi mpya, udanganyifu, huenda, ikiwa, isipokuwa. Ningeweza kusema mpaka jioni, na angebaki na tumaini la kumchosha miaka mingine. Nilitazama mikono yake.

"Hakuna, mama," nilisema.

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa akiijua. Akachukua kiazi kingine, akakifuta udongo kwa kidole gumba, akakitazama muda mrefu kuliko kiazi kinavyohitaji.

"Karani," alisema, "toka kwa mlango. Unazibia wateja."

Baba akatoka, nami nikamfuata. Tulisimama kando ya kibanda, kwenye manyunyu, hatujui kama tumefukuzwa au tumeambiwa tusogee tu. Nilimtazama baba nikitaka anionyeshe la kufanya. Hakuwa ananiangalia. Alikuwa bado ameshika kofia mkononi, kichwa chake kinalowa, akingoja kama atasemeshwa tena.